Konzi Lililosikika na Wote

Ipo nchi moja, si karibu kiasi cha kututia matatani wala si mbali kiasi cha kutufariji, ambayo wananchi wake hawajawahi kufanya jambo. Kulima wanalima, kupika wanapika, wanaoana na kuzikana, na foleni ya maji wanaipanga tangu jogoo la kwanza. Lakini jambo lenyewe, lile la kumfanya mtu asimuliwe na jirani, hakuna aliyelifanya, na Serikali inajivunia mno hali hiyo. Imeunda hata Wizara ya Utulivu wa Mikono, yenye jengo zuri kuliko hospitali ya rufaa. Mikutano yote ya hadhara hufunguliwa na ofisa wa wizara hiyo, ambaye huuliza, "Mikono?" na umati hujibu, "Imetulia," kila mtu akiinua mikono yake ionekane, kisha akairudisha mapajani. Wageni wa ng'ambo wakiliona hilo huwasifu wananchi kwa ukomavu wao.

Kondo Mbaruku alikuwa mtulivu kuliko watulivu wote, na ndiyo maana alipewa kazi ya kumshikia mwavuli Mtukufu Mlezi wa Taifa. Aliushika jua likiwaka, aliushika mvua ikinyesha, na aliushika ndani ya nyumba pia. Hili la ndani lilikuwa na asili yake. Zamani Mtukufu alikwenda kufungua ukumbi mpya wa mikutano, na katikati ya hotuba tone la maji likapenya kwenye paa jipya likamdondokea utosini. Baraza la Mawaziri likakutana siku ile ile. Kuezeka upya kungemwaibisha aliyeezeka, ambaye alikuwa shemeji yake Waziri wa Ujenzi, kwa hiyo ikatungwa sheria kwamba Mtukufu asionekane mahali popote pasipo mwavuli, hata akienda kumjulia hali mgonjwa. Paa linavuja mpaka leo, na Kondo hakuwahi kukosa kazi.

Nchi nzima ilimjua Mtukufu kwa uso. Uso wake ulikuwa kwenye noti, kwenye kanga, kwenye mifuko ya saruji na kwenye majalada ya madaftari ya watoto. Kwa nyuma aliyemjua vizuri ni Kondo peke yake. Kwa nyuma Mtukufu alikuwa na kipara cha kawaida, kikubwa kiasi, kilichopakwa mafuta kila asubuhi, na juu ya sikio la kushoto palikuwa na makovu mawili matatu ya mapunye ya utotoni, ambayo hayakuonekana kwenye noti wala kwenye kanga.

Basi siku moja Mtukufu alikwenda kufungua choo cha soko kuu. Alihutubia. Alianza na historia ya choo tangu enzi za mababu, akapitia mchango wa nchi rafiki, akafika kwenye mchango wake yeye mwenyewe, na hapo akatulia kama mtu aliyefika nyumbani. Jua lilikuwa kali. Mkono wa kulia wa Kondo ulikuwa na mwavuli, wa kushoto haukuwa na kazi. Akiwa hana hili wala lile, Kondo akajikuta anajiuliza: hivi nikimpiga konzi, kipara kitalia vipi?

Hakuwa na chuki. Ilikuwa hamu tu ya kujua, ile ile inayomfanya mtu agonge tikiti sokoni kabla ya kulinunua. Tikiti bichi lina mlio wake na lililoiva lina wake. Je, hiki? Na Mtukufu angefanyaje? Angesema "aa" kama watu wengine, au kulikuwa na neno maalumu lililoandaliwa na Idara ya Itifaki? Kondo alihisi vifundo vya vidole vyake vikijikunja vyenyewe. Akaukamata ule mkono wa kushoto, akaubana kwapani, akabaki hivyo mpaka choo kilipofunguliwa. Ndani ya gari la msafara aliukalia.

* * *

Mkewe, Zawena, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kondo alimweleza jioni ile wakila ugali na kisamvu, kwa sauti ya mtu anayeungama. Zawena aliacha tonge hewani. Halafu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa unacheka nini?" Kondo akauliza. "Mimi naogopa, mke wangu. Huenda naumwa."

"Bwana wee, unadhani ni wewe peke yako? Mimi kila nikikaa kwenye cherehani, nikiiona sindano inavyopanda na kushuka, kidole kinaniambia, hebu nitie hapo chini tuone. Na kisimani je? Mama Tabu akiinama kuteka maji nami niko nyuma yake, mguu unaniwasha. Unaniambia, msukume kidogo tu."

"Na kwa nini humsukumi?"

Zawena akamtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini halali juu ya paa. "Nimsukume amenikosea nini? Ana watoto yule."

Wakacheka wote wawili, na hapo ndipo walipokosea. Katika nchi ile watu hucheka siku za sikukuu, uwanjani, wakiongozwa. Kicheko cha ndani ya nyumba, tena siku ya Jumanne, kilimtoa mjumbe wa nyumba kumi, Bwana Shomvi, kwenye kiti chake barazani. Akabisha hodi.

"Naona mmefurahi," alisema kwa adabu. "Serikali imefanya nini tena?"

"Tunacheka tikiti, mjumbe," akajibu Zawena, maana uongo mzuri haukumjia kwa haraka.

Bwana Shomvi akashukuru, akaondoka. Lakini kesho yake Zawena akawasimulia washonaji wenzake, na kila mmoja akakiri kwamba naye, akimtazama Mtukufu kwenye televisheni, kamera ikipita nyuma, wazo lilimjia lile lile. Washonaji wakawaambia waume zao. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wiki haikwisha watu walikuwa sokoni wakigonga matikiti, wakitazamana, wakicheka kwa pua. Bwana Shomvi hakuwa mjinga. Alinunua tikiti, akaenda nalo nyumbani, akaligonga, akakaa akafikiri, akaligonga tena. Alipoelewa alivaa kanzu yake nzuri akaenda kutoa taarifa.

* * *

Waziri wa Utulivu wa Mikono, Mheshimiwa Dokta Makolobela, aliipeleka habari Ikulu akiwa analia. Kondo aliyasikia yote, kwa sababu alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ndani ya ofisi, ameshika mwavuli.

"Nchi nzima, Mtukufu," alisema Waziri. "Hata vikongwe. Hata wafungwa."

Mtukufu akainua mkono taratibu, akajipapasa kipara. Kondo akakaza macho kwenye pazia.

"Wananifikiria hivyo tangu lini?"

"Tangu zamani, Mtukufu. Inasemekana ni jambo la kila siku. Mtu huwaza kisha akaendelea na shughuli zake."

"Na hakuna aliyewahi kunipiga."

"Hakuna, Mtukufu."

"Kwa nini?"

Dokta Makolobela alikuwa amekuja na majibu ya kila swali. Alikuwa na idadi ya seli zilizo wazi na ratiba ya malori. Hili hakulitegemea, na machozi yakamkauka kwa mshangao. Akasema kwamba Serikali italifanyia kazi.

Hivyo ndivyo ilivyoundwa Tume ya Kitaifa ya Kuchunguza Sababu za Jambo Lisilotokea, chini ya uenyekiti wa Profesa Magembelo, msomi aliyewahi kuthibitisha kwa takwimu kwamba njaa ya mwaka wa ukame ilikuwa hisia. Tume ilikaa katika ule ukumbi unaovuja. Profesa akaeleza kwamba kwa mujibu wa sayansi, mtu huzuiwa na mambo mawili tu, Upendo au Hofu, na kwamba shahidi ataruhusiwa kuchagua kwa uhuru kamili moja kati ya hayo mawili.

Mashahidi walikuja kwa malori. Karibu wote walikana kuwaza. Kinyozi wa Ikulu, ambaye kila Ijumaa humnyoa Mtukufu ndevu, aliapa kwamba katika maisha yake yote hakuna wazo lolote lililowahi kumpita kichwani.

"Unamwekea Mtukufu wembe kooni," Profesa akamwambia, "na huwazi chochote?"

"Chochote, mheshimiwa."

"Basi wewe ndiye mtu wa hatari kuliko wote katika nchi hii," alisema Profesa kwa upole, na kinyozi akapitishwa mlango wa nyuma. Mpaka leo Mtukufu ananyolewa na mtu mwingine.

Zamu ya Kondo ikafika. Aliulizwa kama aliwaza, akasema ndiyo, aliwaza. Ukumbi mzima ukamgeukia. Maskini Kondo alidhani Tume inataka kujua. Mdomo huponza kichwa, lakini yeye alikuwa amekaa miaka mingi nyuma ya watu wanaosema bila kumaanisha, akasahau kwamba hata kuuliza kunaweza kuwa hivyo hivyo.

"Na kilichokuzuia ni nini?" Profesa akauliza. "Ni Upendo au ni Hofu?"

Kondo akafikiri kwa dhati. "Mheshimiwa, hofu ilinijia baadaye, nikiwa garini. Pale pale, mkono unataka kunyanyuka, niliona makovu yake ya mapunye. Nikasema, kumbe na huyu alinyolewa na mama yake, akapakwa mafuta ya taa, akalia. Nikamhurumia. Sasa mtu ukishamhurumia utampigaje?"

Karani aliacha kuandika. Tone la maji lilianguka kutoka darini likasikika.

"Ulimhurumia nani?" akauliza Profesa.

"Mtukufu."

"Kama nani?"

"Kama mtu tu, mheshimiwa."

Profesa Magembelo akavua miwani, akaifuta, akatangaza mapumziko ya chai. Wajumbe wa Tume walikunywa chai ile wamesimama, na hakuna aliyemkaribia mwenzake.

* * *

Ripoti ilisomwa Ikulu. Kwa kuwa hakukuwa na utaratibu wa kumwondoa kazini mshika mwavuli anayetajwa kwenye ripoti, Kondo alikuwa amesimama mahali pake, akisikiliza mambo yake.

Mtukufu angeweza kuistahimili chuki. Alikuwa ameijengea magereza ya kutosha. Upendo alikuwa nao kwenye kanda, ukiimbwa na kwaya. Lakini huruma hakuwa na mahali pa kuiweka. "Nchi nzima inanihurumia," alisema, na shingo yake ikalowa jasho kwa nyuma, mahali ambapo ni Kondo tu aliyepaona. "Wanauzuia mkono kwa sababu wananihurumia. Siku moja huruma ikiwaisha itakuwaje?"

"Ndilo swali lenyewe, Mtukufu," alisema Profesa. "Tume imeona kwamba tatizo ni ukosefu wa mfano. Hakuna aliyewahi kupiga, kwa hiyo hakuna ajuaye kinachompata apigaye. Wananchi wanakosa Hofu si kwa ubaya wao bali kwa kukosa elimu. Tume inapendekeza lipigwe konzi moja hadharani, na mpigaji aadhibiwe hadharani. Baada ya hapo kila mkono utakaotulia utakuwa umetulia kwa sababu inayotambuliwa na sayansi."

"Na mpigaji?"

"Tunaye mmoja aliyekwisha kuwaza na akakiri."

"Yuko wapi?"

"Yuko nyuma yako, Mtukufu."

Mtukufu hakugeuka. "Basi amesikia," alisema.

Hawakumpeleka gerezani. Walimpeleka kwenye chumba chenye zulia, wakamkaribisha chai ya maziwa na sambusa, na Dokta Makolobela akakaa karibu naye akamshika goti kindugu.

"Ndugu Kondo, taifa linakuomba konzi moja."

"Halafu?"

"Halafu utahukumiwa kunyongwa. Ila hilo ni suala la mahakama, na mahakama zetu ziko huru, siwezi kuziingilia."

"Na nikikataa, mheshimiwa?"

"Kukataa agizo la Mtukufu ni uhaini. Adhabu ni hiyo hiyo, isipokuwa kwenye uhaini familia nayo huhusishwa. Una mke, nadhani. Ana cherehani." Waziri akamsogezea sahani. "Ukipiga, mkeo atabaki na cherehani yake na maisha yake. Hilo nakuahidi mimi mwenyewe."

Kondo aliitazama sambusa. Hakuwa mwoga wa kifo kupita watu wengine, lakini alipendezwa sana na uhai, hasa jioni, Zawena akishakunja vitambaa. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Akasema atapiga.

"Ila mimi sijawahi kumpiga mtu," akaongeza, "nisije nikawaharibia shughuli."

Waziri akamwambia asiwe na wasiwasi, kuna mazoezi.

Mazoezi yalifanyika uwanjani, kwa matikiti. Ofisa wa Itifaki aliyaweka juu ya nguzo yenye kimo cha Mtukufu moja baada ya jingine, akamfundisha Kondo kimo cha mkono, pembe ya kiwiko, na namna ya kuendelea kuushika mwavuli usiyumbe, kwa sababu hata wakati wa kosa la jinai Mtukufu hapaswi kupigwa na jua. Kondo alijifunza vizuri. Matikiti yalilia, na wajumbe wa kamati ya maandalizi wakayala. Upande wa pili wa uwanja, wafanyakazi wa Serikali, wanafunzi na vyama vya ushirika walikuwa wakifanya mazoezi ya kushtuka. Mwelekezi alishusha bendera, wao wakavuta pumzi kwa pamoja. Alilalamika kwamba jukwaa la magharibi linachelewa kushtuka. Zawena alikuwa jukwaa la magharibi.

Asubuhi ya siku yenyewe alimpigia mumewe pasi shati. Hakulia, mkono wake tu ulikuwa unarudia rudia mahali pale pale palipokwisha kunyooka.

"Tuondoke," akasema ghafla. "Sasa hivi. Lipo basi la mpakani. Sisi ni watu wazima, tuna miguu. Nani amesema lazima twende uwanjani?"

Kondo akakiri kwamba naye alishawaza hivyo. Alishawaza na mengine: kumdondoshea Waziri mwavuli, kulala chini na kukataa kuinuka, kusema kila kitu kwenye kipaza sauti. Kwa muda mfupi wazo la basi lilikaa mezani kati yao, zuri, na Zawena akawa ameshaitazama kabati kuona atachukua nini.

"Wakitukosa watamchukua nani?" Kondo akauliza.

Zawena akasikiliza. Upande wa pili wa ukuta Mama Tabu alikuwa anawasha moto, anawafokea watoto wake wavae viatu. Ndiye jirani wa karibu, na sheria ya nchi ile ilisema jirani wa karibu ndiye anayejua.

Zawena akaweka pasi chini. "Shati limenyooka," alisema.

* * *

Uwanja ulijaa. "Mikono?" akauliza ofisa. "Imetulia," watu wakajibu. Mtukufu akasimama, Kondo nyuma yake, jua utosini. Hotuba siku hiyo ilihusu amani. Ishara ilikuwa neno "mshikamano", na lilipangwa kutamkwa mara moja tu.

Kondo hakuwa akisikiliza hotuba. Alikuwa akikitazama kipara. Aliona jambo ambalo halikuwepo kwenye mazoezi. Tikiti halijui kinachokuja, Mtukufu alijua. Kadiri alivyolikaribia lile neno, mabega yake yalipanda taratibu, shingo ikazama, na ngozi ya kisogo ikajikunja mikunjo mikunjo, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa na kuambiwa asigeuke. Sauti kwenye vipaza ilikuwa nzito na ya kishujaa. Ya nyuma yalikuwa mengine. Jasho lilimtoka Mtukufu kwenye yale makovu likateremka ndani ya kola.

"…mshikamano," alisema Mtukufu, na akafumba macho.

Kondo akanyanyua mkono wa kushoto. Alikunja vidole kama alivyofundishwa. Alimfikiria Zawena, akamfikiria kwa nguvu zake zote, akaushusha mkono. Na njiani vidole vikakunjuka. Hakuvikunjua yeye, angalau hivyo ndivyo alivyojua. Kilichofika kichwani kwa Mtukufu kilikuwa kiganja kitupu, kikatua pale juu ya sikio la kushoto, kikakaa kidogo, kama mtu anavyompima homa mgonjwa. Hakikutoa mlio wowote.

Bendera ikashuka, na uwanja mzima ukashtuka kwa pamoja. Safari hii hata jukwaa la magharibi halikuchelewa. Walinzi wakamrukia Kondo, mmoja wao akiwa na kazi maalumu ya kuudaka mwavuli, akaudaka. Mtukufu alibaki amesimama kimya mbele ya kipaza sauti kwa muda ambao haukuwemo kwenye ratiba, mkono wake umeelekea kichwani na haujafika. Kisha akaendelea na ukurasa uliofuata.

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba konzi lilisikika mpaka safu ya mwisho. Redio ya taifa ililipiga tena na tena, na kwa kweli lilikuwa na mlio mzuri, wa tikiti lililoiva.

* * *

Mahakamani Kondo alisema ukweli, na kwa kufanya hivyo akawasumbua watu wote. "Sikumpiga," alisema. "Niliweka kiganja." Mashahidi waliapa mmoja baada ya mwingine. Mwalimu mkuu alilisikia konzi kwa sikio la kulia. Kiziwi wa chama cha mafundi seremala alilisikia pia. Daktari alileta picha ya uvimbe. Mtukufu hakuitwa, kwa sababu mlezi hasumbuliwi. Kondo alikuwa akiwatazama mashahidi usoni, mmoja mmoja, bila hasira, na kila mmoja alikuwa akitazama viatu vyake. Kunyongwa alishakubali. Lakini alikuwa amejishikilia kwenye kitu kimoja, kwamba kabla hajafa mtu mmoja, yeyote, aseme mbele yake kwamba hakumpiga yule mzee.

Wakati wa mapumziko Dokta Makolobela alimfuata mahabusu, akiwa na huzuni ya kweli.

"Ndugu Kondo, unajiponza na unaniponza. Makubaliano yalikuwa upige. Kama hukupiga, umekaidi agizo. Hiyo si kesi ya konzi tena, hiyo ni kesi ya uhaini. Unaelewa nani anaingia kwenye kesi ya uhaini? Shahidi wa mwisho ni mkeo. Tumemleta aseme alichokisikia. Akisema hakusikia kitu, basi."

Zawena akapanda kizimbani. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu. Alikuwa amekonda. Jaji, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akamuuliza kama siku ile alikuwepo uwanjani, akasema alikuwepo. Kama aliweza kuona, akasema aliona vizuri.

"Ieleze Mahakama. Ulisikia nini?"

Zawena akageuka akamtazama mumewe. Kondo aliujua uso ule. Ni uso aliokuwa nao asubuhi ile akitazama kabati, na safari hii hapakuwa na Mama Tabu nyuma ya ukuta wa kumzuia. Aliona midomo yake inafunguka, akajua kabisa, kama alivyowahi kujua jambo lolote, kwamba mkewe amekwisha kuamua. Alikuwa anakwenda kumpa kile kitu kimoja alichokitaka. Moyo wa Kondo ulijaa furaha kiasi cha kumuuma, na kwa muda mfupi sana alimwacha aendelee.

"Mheshimiwa Jaji," alisema Zawena, "mimi kwa macho yangu haya, mume wangu—"

"Nilimpiga," akasema Kondo.

Alisimama bila ruhusa. Askari wakamshika mabega. "Nilimpiga, mheshimiwa. Konzi, kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nakuongopeeni. Msimuulize huyu, ni mshonaji tu, alikuwa mbali." Na kwa kuwa Zawena alikuwa bado amefungua mdomo, akamgeukia. "Ulisikia, mke wangu. Ulisikia au hukusikia?"

Zawena alimtazama muda mrefu. Mikono yake ilikuwa imeushika ubao wa kizimba.

"Nilisikia," alisema.

Jaji akashukuru pande zote mbili kwa kuirahisishia Mahakama kazi.

* * *

Kondo alinyongwa siku ya Alhamisi, kwa utulivu. Tume ilitoa ripoti ya nyongeza kwamba Hofu imepatikana, inatosheleza mahitaji ya nchi na ziada inaweza kuuzwa nje. Profesa Magembelo alipewa nishani. Aliteuliwa mshika mwavuli mwingine, ambaye mkono wake wa kushoto hufungwa kiunoni kwa kamba ya hariri yenye rangi za bendera. Watu walioko karibu na Ikulu wanasema Mtukufu siku hizi hapendi kugeuziwa kamera kwa nyuma, na kwamba mara nyingine katikati ya kikao mkono wake hupanda wenyewe juu ya sikio la kushoto ukakaa hapo, na mawaziri hunyamaza mpaka ushuke.

Zawena alibaki na cherehani yake na maisha yake, kama alivyoahidiwa. Anashona sare. Kwenye foleni ya maji watu walimwachia nafasi mbele na nyuma, si kwa heshima wala kwa dharau, hawakujua tu wafanye nini.

Asubuhi moja Mama Tabu aliivuka nafasi ile. Aliweka ndoo yake chini karibu kabisa na ya Zawena, akainama kana kwamba anakaza mshikio.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye ndoo, "siku ile mimi nilikuwa safu ya mbele. Nilikuwa karibu kama hapa na pale. Nimeshindwa kulala, lazima nikwambie. Sikusikia kitu. Mumeo hakumpi—"

Zawena alitazama huku na huku. Bwana Shomvi alikuwa amekaa barazani kwake, ameegemeza kichwa ukutani, na watoto wa Mama Tabu walikuwa wanacheza karibu na miguu yake. Zawena alimshika jirani yake mkono, akaukaza mpaka yule akanyanyua uso.

"Ulisikia," alimwambia kwa sauti ya kusikika foleni nzima. "Ulisikia, Mama Tabu. Tulisikia wote."

Halafu akamsaidia kujitwika ndoo.